Udongo wa Matumbawe na Bustani ya Munje

Sehemu kubwa ya ardhi ya Munje, katika Kwale nchini Kenya, kama ilivyo ardhi ya ukanda wa pwani kutoka Diani hadi Msambweni, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, yaani mabaki ya miamba iliyojengwa na wanyama wadogo wa baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka mwamba huo ulibaki nchi kavu, ukapigwa na mvua, ukalika, ukafunikwa hapa na pale na mchanga, na juu ya mchanganyiko huo ndipo minazi, miembe, mikorosho na mihogo ya watu wa Kwale imeota kwa vizazi vingi. Mwenye kutaka bustani ya mboga katika eneo hili hana budi kuanza na jambo hilo, kwa sababu karibu kila tatizo litakalomkuta, kuanzia majani kugeuka manjano hadi maji kunywewa na mchanga kabla mizizi haijayafaidi, lina asili yake humo, na mashauri mengi anayoyasikia redioni au anayopewa dukani pamoja na mbegu yametungwa kwa ajili ya udongo wa bara, ambao haufanani na wake.

Wataalamu wa udongo, tangu Mrusi Vasily Dokuchaev alipochapisha utafiti wake kuhusu udongo mweusi wa nchi yake mwaka 1883, na baadaye Hans Jenny wa California katika kitabu chake cha mwaka 1941, wameueleza udongo wa mahali popote kuwa ni zao la mambo matano yanayofanya kazi pamoja: mwamba uliotoa chembe zake, hali ya hewa iliyoulainisha mwamba huo, viumbe walioishi na kufia ndani yake, umbo la ardhi, na muda uliopita. Katika Kwale, mtu anapoiacha bahari na kuelekea magharibi, jambo linalobadilika haraka zaidi ni mwamba. Karibu na ufuo udongo ni wa kijivu au mweupe, wenye vipande vya matumbawe na magamba ya konokono wa baharini. Mbele yake huja mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini, ndimo kampuni ya Base Titanium ilimochimba madini ya titani na zirikoni kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024. Na nyuma ya huo vinainuka Vilima vya Shimba, ambavyo ni vya mawe ya mchanga. Kwa hiyo mashamba mawili ya kaunti moja, yanayonyeshewa na mvua za mwaka zile zile kati ya Aprili na Juni na vuli ile ile kuanzia Oktoba, yanaweza kuhitaji matunzo yanayopingana.

Upinzani huo unaonekana wazi katika kile kinachoitwa pH, ambacho ni kipimo cha kiasi cha asidi katika udongo. Kipimo hiki huanzia 0 hadi 14, namba 7 ikiwa ndiyo katikati, na kila hatua moja ina uzito wa mara kumi, hivyo kwamba udongo wa pH 5 una asidi mara mia zaidi ya ule wa pH 7. Udongo uliolala juu ya matumbawe umejaa kaboneti ya kalsiamu, ambayo ndiyo chokaa yenyewe kabla haijachomwa tanuuni, na kwa sababu hiyo pH yake huwa juu ya 7 na mara nyingi hukaribia 8. Mchanga mwekundu na ule wa vilimani umeoshwa na mvua kwa muda mrefu, chokaa na madini mengine ya jamii yake yamekwisha zama chini, na pH yake hushuka chini ya 7, wakati mwingine chini ya 6. Mkulima wa magharibi mwa Kenya, ambako udongo wa asidi umeenea sana, akiambiwa amwage chokaa shambani anaambiwa neno la kweli. Mkulima wa Munje anayeishi hatua chache kutoka baharini akilifuata neno hilo hilo anaongeza chokaa juu ya chokaa, na mboga zake zitazidi kudhoofika huku akiamini kwamba ametumia utaalamu.

Njia nyepesi ya kulijua hili haihitaji maabara. Kijiko kimoja cha udongo mkavu huwekwa juu ya kisahani na kudondoshewa siki ya jikoni. Ikiwa udongo una chokaa, povu dogo hutokea papo hapo na mtu akiinamisha sikio huusikia mchemko wake, kwa sababu asidi ya siki inaivunja kaboneti ya kalsiamu na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Udongo mwekundu wa kando ya Shimba ukidondoshewa siki hiyo hiyo hukaa kimya. Jaribio hili halitoi namba, lakini linatosha kumzuia mtu asinunue mfuko wa chokaa asiouhitaji, na linafaa kurudiwa katika pembe mbalimbali za kiwanja, maana mahali palipojengwa nyumba kwa mawe ya matumbawe na chokaa pana udongo tofauti na pale palipokuwa na mti mkubwa kwa miaka mingi.

Jambo la pili la kujua ni ukubwa wa chembe. Chembe za mchanga zina upana wa kati ya milimita 2 na 0.05, zile za silti, ambazo ni laini kama unga zinapokauka, huanzia 0.05 hadi 0.002, na chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko hapo, kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona moja moja. Chupa ya plastiki iliyo angavu ikijazwa udongo hadi theluthi moja, kisha maji, ikatikiswa kwa nguvu na kuachwa imetulia, mchanga hukaa chini kwa muda wa dakika moja hivi, silti hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi huendelea kuyachafua maji kwa siku nzima au zaidi. Katika udongo wa ufukweni chupa hiyo huonyesha tabaka nene la mchanga, utando mwembamba juu yake, na maji yanayong'aa mapema, na humo ndimo tatizo kubwa la bustani ya Munje linapoonekana kwa macho.

Tatizo lenyewe ni kushika. Chembe za mfinyanzi, pamoja na mboji, ambayo ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza hadi yakapoteza umbo lake la asili, zina chaji hasi juu ya nyuso zao, na chaji hiyo huvuta na kushikilia virutubisho vyenye chaji chanya kama potasiamu, kalsiamu, magnesi na amonia iliyoyeyuka, ili mizizi ije kuvichukua kidogo kidogo kwa kuvibadilisha na asidi inayoitoa yenyewe. Mchanga hauna uwezo huo ila kwa kiasi kidogo mno. Mbolea ya chumvichumvi ikimwagwa juu ya mchanga mtupu, na mvua kubwa ya Mei ikafuata, sehemu yake nzuri huteremka hadi kwenye mwamba na kutoka humo kuingia katika maji ya visima, na nitrojeni iliyo katika umbo la nitreti huwahi kuliko zote kwa kuwa ina chaji hasi na haishikwi na chochote. Urea ikiachwa juu ya udongo wenye chokaa hupata hasara nyingine, kwani sehemu yake hugeuka kuwa hewa ya amonia na kupaa, ndiyo maana inapotumika inafaa ifukiwe na kumwagiliwa mara moja. Fosforasi nayo, ambayo huletwa na mbolea kama DAP, hushikamana na kalsiamu ya matumbawe na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka. Udongo wa aina hii hufukarika hata baada ya kulishwa, na kumlaumu mkulima kwamba hatii mbolea ya kutosha ni kumtwisha gharama isiyo na mwisho.

Hali ya maji ni hiyo hiyo, na hesabu yake inafaa kufanywa. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mchanga hushika kiasi cha milimita 70 za maji yanayofaa mimea katika kila mita ya kina, na udongo tifutifu, wenye mchanganyiko mzuri wa chembe zote tatu, hushika mara mbili ya hapo au zaidi kidogo. Mizizi mingi ya mchicha iko katika sentimita 25 za juu. Kwa hiyo tuta la mita 10 za mraba lenye mchanga lina akiba ya lita 175 hivi, na mmea huanza kutaabika nusu yake inapokwisha. Siku ya jua kali na upepo, tuta hilo hupoteza lita 50 kwa maji yanayopanda kutoka udongoni na yale yanayotoka majanini, maana yake nusu hiyo haimalizi siku mbili. Tuta lile lile likiwa na udongo tifutifu lingekaa karibu siku nne. Vilevile, anayebeba madebe kumi ya lita 20 jioni moja na kuyamwaga yote kwenye tuta la mchanga lililofikia nusu ya akiba yake anapoteza zaidi ya madebe matano, kwa kuwa yamekwenda chini kuliko mizizi inavyofika, yakichukua na virutubisho. Kidogo kila siku, asubuhi mapema, ndiyo njia ya udongo huu hadi hapo mboji itakapoubadilisha.

Inafaa kueleza mmea unayafanyia nini maji hayo yote, kwa kuwa wengi huamini kwamba mmea hula udongo. Jan Baptist van Helmont, mtaalamu wa nchi inayoitwa leo Ubelgiji, alipanda mche wa mti katika pipa la udongo alioupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake: mti uliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 70, na udongo ulipungua gramu 60 hivi tu. Yeye alidhani kwamba mti umejengwa kwa maji. Ukweli uliojulikana baadaye ni kwamba sehemu kubwa ya mwili wa mmea hutokana na kaboni iliyomo hewani, ambayo jani huichukua kupitia vitundu vidogo mno viitwavyo stomata na kuiunganisha na maji kwa nguvu ya jua ili kutengeneza sukari, kazi iitwayo usanisinuru. Vitundu hivyo vikifunguka ili kuingiza hewa, maji hutoka. Vikifungwa ili kuokoa maji, usanisinuru husimama. Mchicha, mahindi na miwa ina mpangilio wa ndani ya jani unaokusanya kaboni dioksidi kwa nguvu zaidi, hivyo hukua kwa kasi wakati wa joto kwa gharama ndogo ya maji, na mnanasi hufungua vitundu vyake usiku na kuvifunga mchana. Nyanya, kunde na bamia havina mpangilio huo. Tena chavua ya nyanya huharibika joto likizidi nyuzi 32 hivi mchana na usiku usipopoa, maua yakapukutika bila tunda, ndiyo maana mkulima wa pwani hupata nyanya kwa uhakika zaidi akipanga zichanue katika miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, kuliko katika jua la kaskazi la Januari hadi Machi.

Zile gramu 60 za van Helmont, ingawa ni chache, ndizo zinazoamua kama mmea utastawi. Ukosefu wake husomeka majanini, na kanuni ya kusoma ni moja: kirutubisho kinachoweza kuhama ndani ya mmea hunyang'anywa majani ya zamani na kupelekwa kwa machanga, na kile kisichohama huacha machanga yakiwa na njaa. Nitrojeni huhama, kwa hiyo upungufu wake huanza kwa majani ya chini kuwa manjano yote. Potasiamu huhama pia, na upungufu wake huunguza kingo za majani ya chini. Madini ya chuma hayahami. Katika udongo wa matumbawe chuma kipo lakini kimefungwa na chokaa kisiyeyuke, na dalili yake ni jani jipya la juu kabisa kuwa na rangi ya manjano iliyofifia huku mishipa yake ikibaki kijani, kama wavu uliochorwa juu ya karatasi. Anayeliona jani la aina hiyo kwenye mche wa ndimu au mchungwa na kukimbilia urea ataongeza ukuaji, na ukuaji utaongeza njaa ya chuma. Kingo zilizoungua nazo zina udanganyifu wake, maana upepo wa kusi hubeba mvuke wa chumvi kutoka baharini na kuunguza majani kwa namna inayofanana na ukosefu wa potasiamu. Tofauti ni kwamba chumvi huunguza upande wa mmea unaotazama bahari, majani ya zamani na machanga sawasawa.

Dawa ya mambo haya yote mawili, kushika na kufunguliwa kwa virutubisho, ni moja, nayo ni mboji. Kwamba inaweza kutengenezwa juu ya matumbawe matupu kumethibitishwa hapa hapa pwani. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya saruji ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, alianza kupanda miti katika machimbo ambamo matumbawe yalikuwa yamechimbwa kwa ajili ya saruji hadi ikabaki sakafu nyeupe isiyo na udongo. Kati ya aina 26 alizozijaribu, ni 3 tu zilizovumilia, mvinje na mnazi zikiwa miongoni mwake. Mvinje una vinundu kwenye mizizi vyenye bakteria wanaotwaa nitrojeni hewani, hivyo uliweza kuishi mahali pasipo na kitu; lakini majani yake membamba yalianguka na kulala bila kuoza, mpaka majongoo wenye miguu myekundu walipoonekana wakiyala, wakaletwa kwa wingi, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria na mwanzo wa udongo mweusi. Machimbo hayo leo ni msitu unaojulikana kama Haller Park. Mwamba wa Bamburi na mwamba wa Munje ni wa ukoo mmoja, na mkulima wa Munje anaanza akiwa na mchanga tayari, jambo ambalo Haller hakuwa nalo.

Hapo ndipo inapofaa kusema waziwazi kwamba desturi ya kufagia kiwanja kila asubuhi, kukusanya majani ya mwembe na mkorosho, makuti na makumbi, kisha kuyatia moto, ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika bustani za pwani. Kiwanja safi ni heshima ya nyumba na huwafukuza nyoka, na hakuna sababu ya kuacha kufagia. Kinachopaswa kuachwa ni moto. Katika moshi huo karibu kaboni na nitrojeni yote ya majani hupotea angani, na jivu linalobaki, ingawa lina potasiamu, ni la alkali na huzidisha pH ya udongo ambao tayari umezidi. Kwenye mchanga mwekundu wa asidi jivu kidogo lina faida, ufukweni halina. Taka hizo hizo zikirundikwa kivulini kwa tabaka, kavu na mbichi kwa zamu, pamoja na samadi ya mbuzi au ya kuku na maji ya kuzilowesha, hugeuka mboji kwa miezi michache. Uwiano una maana yake: bakteria waozeshao huhitaji sehemu 25 hadi 30 hivi za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni, na makuti makavu yana kaboni nyingi kupita kiasi hicho, kwa hiyo yakifukiwa peke yake katika tuta, bakteria huchota nitrojeni ya udongo ili wayaozeshe na mboga hugeuka manjano. Fimbo iliyochomekwa katikati ya rundo na kuchomolewa siku ya nne au ya tano inapaswa kuwa moto mkononi. Ikiwa ya baridi, rundo limekauka au limekosa mbichi.

Makumbi yanastahili neno la peke yake, kwa kuwa yanapatikana kila mahali na hayathaminiwi. Katika nchi za minazi kama India na Sri Lanka hupangwa katika mitaro kando ya minazi, tabaka juu ya tabaka na udongo kati yake, nayo hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi, huku potasiamu yake ikirudi mizizini. Mtaro wa namna hiyo chini ya tuta la migomba au mipapai unaweza kuchimbwa Munje kabla ya mvua za mwaka kuanza. Makumbi yaliyofukiwa matopeni mwa bahari ili kutoa nyuzi za kamba hayafai mpaka yaoshwe na mvua ya msimu mzima, na hivyo hivyo kwa mwani unaotupwa ufukweni. Yote hayo ni kazi ya kila mwaka, maana katika joto na unyevu wa pwani mboji huoza na kwisha upesi kuliko ya nyanda za juu, na tuta lililotiwa mboji mara moja na kuachwa litarudi kuwa mchanga. Matandazo, yaani majani makavu yanayofunika uso wa tuta, hupunguza kasi hiyo kwa kuuzuia udongo usichomwe na jua.

Kunde ni mmea wa kwanza wa kupewa udongo mpya. Ukipita mwezi mmoja na zaidi baada ya kupanda, mche mmoja ukichimbuliwa taratibu pamoja na udongo wake na kuoshwa, huonekana vinundu vya ukubwa wa punje ya mtama kwenye mizizi, na kimoja kikipasuliwa kwa ukucha kinapaswa kuwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, inayotokana na kitu kinachofanana na rangi ya damu ambacho huwadhibitia hewa bakteria wanaotwaa nitrojeni. Vikiwa vyeupe au vya kijani ndani, bakteria hawafanyi kazi, na mara nyingi sababu ni ukame, mafuriko au majani ya mboga kuchumwa mno hadi mmea ukakosa sukari ya kuwalisha. Mihogo nayo hutegemea kuvu wanaoishi mizizini mwake na kuifuatia fosforasi mbali kuliko mizizi inavyofika, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya kuvumilia kwake katika udongo ambao mahindi hudumaa.

Mpango wa bustani sasa unaweza kuchorwa, na jambo la kwanza kuwekwa kwenye mchoro ni kisima, kabla ya tuta lolote. Karibu na bahari maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kanuni iliyoelezwa na watafiti Ghyben na Herzberg mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kiasi cha mita 40 chini yake. Kinyume chake ni cha hatari: pampu ikiyashusha maji ya kisima kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 4. Kuteka kidogo kwa ndoo hakuna madhara ya pampu inayovuta maji mchana kutwa. Maji yakiwa na chumvi, mizizi hushindwa kuyavuta hata yakiwa tele, na mimea haiumii sawa: maharage, karoti na vitunguu hudhoofika upesi, kunde na mchicha huvumilia zaidi, na mnazi hauna shida nayo kwa kiasi. Paa la mabati la mita 40 za mraba linaweza kukusanya lita 30,000 au zaidi kwa mwaka mahali panaponyesha milimita 1,000, na maji hayo yakihifadhiwa kwa ajili ya kitalu cha miche tu yameshalipa gharama ya tangi.

Jua huja baada ya maji. Munje iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 4 na nusu hivi, hivyo kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki upande wa kusini. Mwembe wa mita 10 hutupa kivuli cha mita 5 hivi upande wa kusini saa sita mchana mwezi Juni, na cha mita 3 na kidogo upande wa kaskazini mwezi Desemba. Nyanya na mahindi ya msimu wa kusi hayafai kuwekwa kusini mwa mti huo, lakini miche ya mboga inayopandwa kwa ajili ya kaskazi itapata nafuu ikikaa kaskazini mwake. Kuhusu upepo, mstari wa mivinje upande wa bahari hutuliza hewa kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake au zaidi, na ni bora kuliko ukuta wa mawe, kwani ukuta huurusha upepo juu na kuuangusha kwa fujo nyuma yake, ilhali majani huuchuja.

Nyanya, mbilingani, pilipili na mnavu ni wa ukoo mmoja na hushiriki maadui, hasa bakteria wa mnyauko na minyoo midogo ya udongoni inayotia mizizi mafundo, ambayo hupenda sana mchanga. Mnyanya ulionyauka ghafla ukiwa bado kijani hukatwa shina na kipande chake kuning'inizwa katika glasi ya maji safi; nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kata ndani ya dakika chache, ni bakteria, na tuta hilo halipaswi kupandwa chochote cha ukoo huo kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo matuta hugawanywa angalau manne, ukoo wa nyanya ukizunguka kati yao na kufuatwa na mahindi, kunde na mboga za majani.

Mnazi ndio unaoamua sura ya kudumu ya yote. Ukipandwa kwa nafasi ya mita 9 kila upande, mizizi yake mingi hubaki ndani ya mita 2 kutoka shinani, kama walivyoonyesha watafiti wa Kerala nchini India katika miaka ya 1970, na ardhi kati ya minazi huwa huru kwa mimea mingine. Katika miaka sita au saba ya kwanza, kabla mnazi mrefu wa pwani haujaanza kuzaa, jua ni la kunde, pojo, mahindi na mboga zote. Kati ya mwaka wa 8 na wa 25 hivi makuti huwa yamefunga na yako chini, na palepale hufaa tangawizi na manjano, ambavyo hupenda kivuli. Minazi ikishapanda juu, mwanga hurudi kuingia kwa pembeni, na matuta ya mchicha na bamia yanaweza kurejeshwa mahali yalipokuwa, juu ya udongo ambao kwa miaka yote hiyo umekuwa ukipokea majani bila kuchomwa.